Huyu Amepola

Jumanne, 24 Julai 2018

Mahakamani Marshalltown hadi saa sita. Kesi imeahirishwa, mara ya nne. Nilituma ripoti ya sauti kwa redio yangu Dar kabla ya saa saba, nikala mkate nimesimama. Saa nane na nusu nikampigia Rehema, mtoto wa mdogo wangu. Yuko saluni. Nilijua jibu kabla ya kuuliza.

Niandike mambo yalivyo, maana kumbukumbu ikikaa sana huanza kujipamba. Aprili, mchana kweupe, wanaume wawili waliruka ukuta wetu hapa mtaani Rosettenville, mbali na kwetu Tanga. Walimkuta mdogo wangu Saida peke yake, wakamfunga mikono kwa waya wa pasi, wakaondoka na televisheni na simu. Mwanawe, Rehema, alirudi kutoka shule akakuta geti wazi na mama yake sakafuni. Ana miaka kumi na moja. Tangu siku hiyo hakanyagi nyumbani kama hakuna mtu mzima ndani. Saida anauza vitambaa mjini hadi jioni. Mimi nakaa chumba cha uani lakini kazi yangu ya uandishi wa habari haina saa. Kwa hiyo mtoto anakaa kona ya mtaa, saluni kwa Mama Bijoux, Mkongo wa Bukavu, anafanya hesabu za shule chini ya mashine ya kukaushia nywele.

Wiki iliyopita Rehema alisema kitu kimoja: kukiwa na mbwa, ataingia. Saida, ambaye huvuka barabara akiona mbwa ili udhu wake usitiwe mashaka, alichukua siku mbili kisha akakubali. Mbwa wa ulinzi, akae uani. Kazi ya kumtafuta nimepewa mimi. Hoja yao ni kwamba mimi ndiye ninayejua kuuliza maswali.

Leo nimemwona muuzaji wa kwanza. Maegesho ya kituo cha mafuta. Watoto wa mbwa wanne ndani ya boksi la ndizi, macho yana tongo. Nikauliza mama yao yuko wapi. Yuko shamba. Shamba lipi? Mbali. Wana wiki ngapi? Akanitazama kama nimemuuliza dini yake. Nimeondoka na hasira. Mtu anayeuza viazi anajua vimetoka wapi.

Jumatano, 25 Julai

Nimesoma, nimempigia daktari wa wanyama, nimeandika orodha. Wiki nane au zaidi. Mama yake aonekane, na tabia ya mama ipimwe, kwa sababu mama mkali huzaa hofu. Macho makavu, ufizi wa rangi ya waridi, tumbo lisilovimba. Piga makofi nyuma yake uone kama anasikia. Mlaze chali kifuani mwako: anayepigana hadi mwisho atakusumbua, anayeganda kwa woga pia, unayemtaka ni yule anayejitikisa kidogo kisha anatulia. Kadi ya chanjo.

Nimepiga simu saba. Wawili walikata niliposema nataka kumwona mama. Mmoja aliniuliza kwa nini namhoji kama polisi. Mmoja alisema mbwa wake wote ni wakali tangu siku ya kwanza, akalitamka hilo kama sifa. Nilimweleza kuwa nyumbani kuna mtoto. Akasema basi ninunue paka.

Nimepata mmoja. Mama wa makamo mwenye ploti, yaani kishamba, kusini mwa jiji. Anafuga wale ambao kwetu tunawaita mbwa wa polisi. Amejibu kila swali bila kusita. Kila mtu humwita Tannie, yaani shangazi kwa Kiafrikana, naye hupokea simu kwa jina hilo. Jumamosi saa nne.

Jumamosi, 28 Julai

Tumekwenda watatu. Saida alibaki ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Rehema alikuwa na daftari lake la shule na nakala ya orodha yangu.

Ploti ni safi. Banda limesakafiwa, linanukia klorini hadi macho yanawasha. Nimeandika: usafi, mzuri. Mama wa mbwa yupo, tulivu, alinusa mkono wangu akarudi kulala. Watoto sita. Watano wanarukiana, wanauma kamba za viatu vya Rehema. Wa sita amekaa karibu na ukuta, ametulia, anatazama.

Tannie alisimama pale muda wote. Anaongea sana. Kila mtoto aliyetoka hapa ametoka mkia juu, anasema. Mfanyakazi wake wa bandani ni mzee wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, nywele zimeanza kuota mvi, aproni ya mpira. Papa Kasongo. Aliposikia namwambia Rehema asogee, akajua Kiswahili changu ni cha wapi. Alimnyanyua yule wa sita akaniwekea mikononi. Akasema polepole, bila kumtazama mwajiri wake:

"Huyu amepola, Mama. Bale bengine bado."

Tannie akauliza amesema nini. Nikamwambia anasema huyu ni mtulivu. Tannie akacheka, akasema Kasongo anawajua mbwa wake kuliko yeye. Papa Kasongo hakucheka.

Nilimlaza chali. Alijitikisa kidogo, akatulia. Nilipiga makofi, aligeuka. Macho makavu. Kadi ina stika, tarehe na saini. Rehema aliinama, yule mtoto akamwendea, akaweka kidevu juu ya kiatu chake. Wale watano walikuwa bado wanapigana.

"Huyu, mamkubwa," Rehema akasema. "Si ndiye aliyesifiwa na yule mzee?"

Tumemchukua.

Jumapili, 29 Julai

Ameitwa Robot. Hapa robot ni taa za barabarani, na Rehema anasema mbwa huyu akifika mlangoni anasimama, anatazama, ndiyo anapita. Nimekubali. Nimesikia majina mabaya zaidi bungeni.

Saida ameweka sheria kabla ya chai. Bakuli la mbwa halikutani na la mtu. Rehema ana nguo za mbwa: suruali ya zamani na sweta la shule lililobana, vinatundikwa msumarini nje, anavaa kumwendea na kuvua kabla ya kuingia. Ndoo ya udongo safi imewekwa karibu na bomba, kwa kitakachohitaji kuoshwa mara saba. Mtoto amezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa kuliko anavyokisema, lakini leo nimemsikia akihesabu moja hadi saba kwa sauti juu ya bakuli.

Mbwa amelala karibu siku nzima. Nimeandika: amechoka na safari.

Jumatatu, 30 Julai

Hakula asubuhi. Alikunywa maji kidogo. Mama Bijoux alipita kumwona, akasimama mbali na mkoba wake kifuani. "Eh, maman! Huyu mbwa ana adabu kupita wateja wangu." Sote tulicheka.

Niandike hapa nilichokiona jana na leo na kukipa majina ya kupendeza. Hakimbii: mtulivu. Halii: ana adabu. Haombi chakula: hana tamaa. Kwetu mtoto anayekaa kimya pembeni wageni wakija ndiye anayesifiwa. Tumemsifu mbwa kwa kipimo hichohicho.

Jioni alikohoa mara mbili.

Jumanne, 31 Julai

Saa moja asubuhi hakunyanyuka. Ufizi mweupe kama karatasi. Jumamosi ulikuwa na rangi, au niliuona haraka nikataka uwe nayo.

Daktari wa wanyama ni mwanamke kijana, hazungushi maneno. Amenusa choo kabla ya kukipima. Parvo, ugonjwa wa matumbo unaofagia watoto wa mbwa. Lakini si leo, akasema. Huyu aliugua siku kumi hivi zilizopita, akanusurika. Utumbo haujapona, ana minyoo, na sasa kifua kimeshika baridi juu ya mwili usio na akiba. Siku tatu zijazo ndizo zitakazoamua. Vizimba vya kuwatenga wagonjwa wa parvo vimejaa, kwa hiyo arudi nyumbani. Joto. Maji ya chumvi na sukari kwa bomba la sindano, taratibu, pembeni ya mdomo, kila baada ya saa mbili.

Kisha akaomba kadi ya chanjo. Akaisoma, akaigeuza kwangu, kidole juu ya tarehe. Wamezaliwa tarehe 29 Mei. Wamechanjwa tarehe 2 Juni. Wakiwa na siku nne! Hakuna mtu anayechanja mbwa wa siku nne.

Tarehe hizo zilikuwa mbele yangu Jumamosi. Nilihakikisha kuwa zipo. Sikuzihesabu. Nimewahi kumvua mtu cheo kwa tarehe mbili zisizolingana kwenye hati, na hii nimeipita.

Ninamchukia yule mama. Naandika neno hilo nikiwa na akili timamu. Alikuwa na ugonjwa bandani, akamwaga klorini, akabandika stika, akafungua geti, akasema karibuni.

Rehema ameuliza kama atakufa. Nimemwambia inawezekana. Akasema akifa asiletewe mwingine. Kisha akabeba begi lake akaenda saluni.

Jumanne hiyohiyo, jioni

Baridi ya uani haifai, daktari amesema wazi. Nilikuwa nimejiandaa kubishana na Saida. Hakunipa nafasi. Alikunja mswala uliokuwa kwenye kona ya jiko, akaupeleka chumbani kwake, akafunga na mlango. "Jiko mpeni mgonjwa," akasema. "Mimi na Mola wangu tutaelewana." Akatandika magazeti, akaweka chupa ya maji ya moto ndani ya soksi. Hakumgusa. Alisukuma soksi kwa mpini wa ufagio mpaka ikafika ubavuni.

Jumatano, 1 Agosti

Saida ameomba ruhusa kazini. Mimi nimekwenda ploti.

Tannie alinipokea getini, hakufungua. Nikamwonyesha karatasi ya daktari. Akasema mbwa wake hutoka hapa wazima, na kinachotokea kwenye nyumba za watu si juu yake. Akatazama shungi langu. Akaongeza kuwa watu wengine hawana mazoea ya kufuga mbwa, hawajui hata kuwagusa. Nikauliza alichanja lini. Imeandikwa kwenye kadi. Nikauliza siku nne ni umri wa kuchanja? Akasema mwandishi wa kadi alikosea. Mwandishi ni nani? Akasema ana kazi nyingi.

Sikupandisha sauti. Sijawahi kupata jibu kwa kupandisha sauti. 

Kilomita moja mbele nikamkuta Papa Kasongo kando ya barabara, anatoka dukani na mkate. Nilisimama. Nilikuwa na maneno makali tayari. Nilimwambia: Papa, uliniambia huyu ni mtulivu, ukanipa mgonjwa.

Alinitazama kama mtu anayetazama mzigo uliomwagika.

"Mutulivu? Miye sikusema mutulivu, Mama. Nilisema amepola. Mwili ilikuwa moto, moto sana, siku tano, anatapika, anahara damu. Nikakesha naye. Kisha mwili ikapola. Ugonjwa ilishapita kwake. Bale bengine bado! Ilikuwa inakuja kwao. Mama Tannie iko pale anasikiliza, nitasema namna gani? Nikasema kwa lugha yetu. Nikakupa ule wa kupona."

Lugha yetu.

Nilifungua daftari la kazi, nililoandikia bandani Jumamosi, pale pale mbele yake. Ukurasa wa tatu. Nimeandika: Mfanyakazi anasema huyu *amepoa*, wengine bado wana fujo. Hakusema amepoa. Hakusema fujo. Alisema amepola, kwa Kiswahili cha kwao, akimaanisha homa imeshuka. Mimi nikamsahihisha kimoyomoyo kama mwalimu wa Tanga, nikamtilia neno letu la mtu asiye na papara, nikaandika nilichosahihisha badala ya nilichosikia; hata humu kwenye shajara, nilikolinukuu kama lilivyo, sikulielewa. Miaka ishirini na sita nafanya kazi ya kunukuu watu. Mzee aliniambia ukweli wote kwa maneno sita, mbele ya mtu aliyekuwa anaufunika, nami nikautafsiri ukawa sifa ya tabia.

Nilimwomba radhi. Akasema si kitu. Ni kitu.

Nikauliza wale watano. Watatu wameuzwa Jumapili. Mmoja alikuwa na kidoa cheupe kifuani, ndiye aliyekuwa anauma kamba za viatu. Wawili waliobaki wameanza kutapika.

Nimepiga simu kwa wakaguzi wa wanyama nikiwa bado kando ya barabara. Nimewapa kadi, karatasi ya daktari, mahali. Jina la mzee sikulitaja.

Alhamisi, 2 Agosti

Siku mbaya. Asubuhi alitapika maji yote ya saa moja. Saa tatu yalikaa. Saida alilazimika kwenda kazini. Mimi nilikuwa na hukumu Marshalltown, ile kesi iliyoahirishwa mara nne, leo haikuahirishwa. Nilimpa maji saa tano na nusu, nikaondoka. Tulikubaliana Mama Bijoux aingie saa saba na nusu na saa tisa na nusu. Ufunguo tulimwachia. Alikuwa ameapa kwamba hamwogopi mbwa, ila hapendi kugusana naye.

Hukumu ilisomwa kwa saa mbili. Simu ilikuwa imezimwa, ndiyo sheria ya chumba. Nilipotoka, saa tisa na dakika ishirini, kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa Mama Bijoux. Mteja amefika bila ahadi, kichwa nusu kimesukwa nusu kimefumuliwa, alichelewa saa saba na nusu, hakwenda kabisa. "Nikasema naenda sasa, maman, nikatafuta ufunguo, ufunguo hakuna! Huyu mtoto ameuchukua. Amekimbia. Nimeita, hakugeuka."

Nikampigia Rehema. Iliita mara sita.

Akapokea. Sauti ya chini, kama ya mtu aliye msikitini. "Mamkubwa, niko jikoni. Nimefunga geti na mlango. Nimempa mililita tano, hajatapika. Usiongee kwa nguvu, anasinzia."

Nikauliza yuko na nani.

"Na yeye."

Nikauliza kama anaogopa.

"Eish, ndiyo. Lakini ilikuwa saa yake imepita."

Nimesimama kwenye ngazi za mahakama. Watu walikuwa wananipita. Sikutuma hukumu hadi saa kumi na moja, na mhariri amelalamika. Ana haki.

Naandika kwa usahihi kilichotokea. Tulitafuta mbwa wa kumlinda mtoto. Mtoto ameingia nyumba tupu, peke yake, kwa mara ya kwanza tangu Aprili, kwenda kumlinda mbwa asiyeweza hata kubweka.

Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye sakafu ya jiko, ndani ya zile nguo za mbwa, daftari la hesabu juu ya magoti. Ameandika saa na vipimo kwenye ukingo wa ukurasa. Mwandiko ni mzuri kuliko wangu.

Ijumaa, 3 Agosti

Maji yanakaa. Saa moja alilamba wali uliopondwa kwenye kidole cha Rehema, kisha Rehema akaenda bombani na udongo, moja hadi saba, akachelewa shule.

Wakaguzi wamekwenda ploti jana alasiri. Waliobaki wawili wamechukuliwa, mmoja alikufa kabla ya kufika kwa daktari. Banda limefungwa kwa uchunguzi. Nimeuliza kama Tannie atashtakiwa. Labda onyo, wamesema. Onyo! Mtu anauza vifo kwa kadi yenye stika, na nchi inamtikisia kidole tu.

Nimetafuta tangazo lake mtandaoni. Bado lipo. Wenye mkia juu, limeandikwa. Nimewatafuta walionunua Jumapili kupitia maoni chini ya tangazo. Nimempata mmoja, baba wa watoto wawili upande wa mashariki. Yule mwenye kidoa cheupe ni wake. Alikufa jana asubuhi. Wanawe walikuwa wameshamfundisha kukaa. Hakunilaumu kwa lolote, wala hakuwa na sababu, lakini baada ya kukata nilirudi kwenye ule ukurasa wa tatu. Mzee alisema bengine bado. Ningesikia, ningepiga simu kwa wakaguzi Jumamosi hiyohiyo, kabla ya wateja wa Jumapili.

Nimeiandika habari nzima, Kiswahili kwa redio, Kiingereza kwa gazeti la hapa linalochukua kazi zangu. Kosa langu nimelitia ndani, aya ya pili. Mhariri alitaka kuliondoa. Nimekataa.

Jumanne, 7 Agosti

Papa Kasongo amefukuzwa. Tannie hana ushahidi kwamba ndiye aliyesema. Ana mfanyakazi mmoja tu, na hilo limemtosha. Karatasi za ukimbizi za mzee zinaisha baada ya miezi miwili na mwajiri ndiye aliyekuwa anamwandikia barua. Nina hasira ambayo haina mahali pa kwenda. Nimempigia kila mtu ninayemjua anayeajiri walinzi. Saba tena.

Daktari amempima Robot. Kifua safi. Ameongezeka gramu mia tatu. Anasema tabia yake ya kweli itaonekana sasa, kwa sababu kile tulichokuwa tunakiona kilikuwa ugonjwa.

Jumamosi, 11 Agosti

Tabia yake ya kweli: mwizi wa soksi. Ametafuna kandambili ya Saida, mguu wa kushoto. Saida alimkemea kwa Kidigo, lugha anayoitumia kwa watu wa familia tu. Amerudishwa uani, kibanda kina blanketi, na mswala umerudi kona ya jiko baada ya sakafu kusuguliwa kutwa nzima.

Hamwogopi mtu. Hang'ati. Mgeni akigonga anabweka mara tatu kisha anakaa kusubiri. Rehema amemlaza chali kama orodha inavyosema, mbwa akapigana kidogo, akatulia. Ameniletea daftari nisome matokeo.

Papa Kasongo amepata kazi ya kulinda mlango wa jengo Hillbrow. Nimekwenda kumwona. Amevaa koti kubwa la kampuni, kofia imemzidi. Nikamwambia mbwa anakula. Akauliza choo chake kikoje. Nikamweleza. Akaridhika kuliko nilivyoridhika mimi. Nikauliza kazi mpya ikoje, naye akajibu kwa sentensi ndefu ya Kiswahili cha kwao. Maneno mawili sikuyaelewa. Nikamwomba arudie. Akarudia.

Jumanne, 28 Agosti

Nimetoka kazini mapema. Saa kumi nimefika nyumbani na gari la rafiki, langu liko gereji, na koti jipya ambalo hawalijui. Saida bado yuko mjini, geti limefungwa kwa ndani. Niligonga. Kubweka mara tatu, karibu kabisa, pua chini ya geti.

Hatua za Rehema. Akauliza kwa Kizulu, kwa sauti ya kikubwa, ni nani.

Nikasema ni mimi, mamkubwa.

"Sema jina."

Nikasema jina.

Kisha, kwa Kiswahili: "Ngoja kidogo, mamkubwa. Acha akunuse kwanza. Nikifungua kabla hajamaliza, hatajifunza."

Nikangoja nje, kwenye jua la mwisho wa baridi, mkoba mkononi, kama mgeni. Nilisikia pua inavuta hewa kwenye ncha za viatu vyangu. Ilichukua muda. Hakuna aliyekuwa na haraka.